Silinda ya Tatu

Hesi zilizochakaa kwa miaka hutoka nyeusi, Ombewa,
nyeusi kwa masizi yaliyogandamana.
Hizi zilizoning'inia kwenye plagi
zinang'aa kama magamba ya asubuhi.
Kwa hiyo usiniambie uliikuta hivyo.
Chuma hakimtunzii mtu uongo.

Sikukasirika. Lete stuli.
Gari ni la Rispa Atoti, Pijo la mwaka niliooa,
na saa tisa usiku linatakiwa Chavakali
kupakia ndizi za Kibuye.
Sasa ni saa nane mchana hapa Kamas
na wingu limesimama juu ya ziwa
kama mdai aliyekataa kiti.

Tumbukiza spoku ya baiskeli tundu la tatu.
Zungusha puli kwa mkono, polepole,
uione spoku ikizama na pistoni.
Ikitulia, wacha.
Tunataka nafasi humo ndani,
maana tutakachokata hakina macho.

Sasa tapu. Ipake grisi, jaza mifereji yake,
usiwe bahili:
grisi ndiyo itakayodaka unga wa alumini
kabla haujaenda kukwaruza kuta za silinda.
Nusu raundi mbele, robo nyuma.
Toa. Futa. Paka tena.
Nusu mbele, robo nyuma.
Mkono ukichoka, pumzisha mkono, si akili.

Alumini ni laini kuliko unavyodhani.
Plagi ilipoingia mshazari haikupiga kelele,
kichwa cha injini kiliikubali tu,
kikaachia njia,
nawe ukadhani ni nguvu zako.
Ndivyo kitu laini kinavyokudanganya.
Kinakubali.

Nilikuwa na miezi minne kazini
nilipokaza plagi ya Landrova ya parokia
mpaka nikasikia spana inakuwa nyepesi ghafla,
ule wepesi, unaujua sasa.
Nikafunga boneti. Nikanyamaza.
Padri alifika Sondu, plagi ikaruka,
ikagonga bati kwa ndani kama risasi.
Alirudi kesho yake, viatu vimejaa tope,
kanzu ameikunja kwapani.
Hakuuliza kitu.
Laiti angeuliza.
Hadi leo nikiona kanzu nyeupe
mkono huu wa kulia hutafuta mfuko.

Haya, pulizia upepo. Funga macho wewe,
usifunge tundu.
Tena.
Bushi hii hapa, ya chuma, pakaza gundi nje,
si ndani, nje,
izungushe mpaka ilale chini kidogo ya ukingo.
Silinda ya tatu sasa itakuwa na shingo
ngumu kuliko ya wenzake watatu.
Na usinitengenezee methali hapo:
ni bushi tu, shilingi mia nne na hamsini,
na zinatoka kwenye Jumamosi yako.

Plagi usiianze kwa spana.
Chomeka kichwa chake
kwenye kipande hiki cha mpira wa petroli,
uizungushe kwa vidole viwili,
kama unayemfunga mtoto kifungo akiwa amelala.
Ikienda mrama, mpira utateleza wenyewe.
Mpira una haya. Spana haina.
Umehisi? Hiyo. Hesi imepata hesi.
Ikifika chini, spana kidogo,
kidogo, nimesema.

Matone ya kwanza yameanza kwenye mabati.
Yule pale Rispa, mfuko wa nailoni kichwani,
anaruka madimbwi ambayo bado hayajajaa.
Atauliza kama limepona.
Mwashie. Sikilizeni wote wawili,
moja, mbili, tatu,
ile ya tatu, ikipiga sawasawa utajua.

Kisha atauliza ilikuwaje.
Mimi nitakuwa nimevuka barabara
kununua chapati kwa Nafula,
na foleni ya Nafula, hata isipokuwepo,
leo itakuwa ndefu.